Habari inayotufurahisha nayo ihakikiwe

WIKI iliyopita nilikuwa nafundisha juu ya kuhakiki habari. Kijana mmoja akaniuliza: "Ustadhi, tumeambiwa tuchunguze habari ya fasiki. Je, ya mtu wa upande wetu nayo ichunguzwe?" Nilisimamisha somo, kwani swali hilo ni zito.

Tuchukue mfano wa Marekani, nchi inayojinadi kuwa mwalimu wa demokrasia. Usiku wa uchaguzi wa Novemba 3, 2020, televisheni ya Fox News iliwahi kutangaza kuwa Joe Biden ameshinda jimbo la Arizona. Watazamaji wake, wengi wao wafuasi wa Donald Trump, walikasirika. Baadhi walihamia kituo cha Newsmax. Fox nayo ikarusha hewani madai kuwa mashine za kampuni ya Dominion zimeiba kura za Trump.

Januari 6, 2021, umati ulioaminishwa kuwa umeibiwa ulivamia bunge ili matokeo yasithibitishwe.

Dominion ilikwenda mahakamani. Mwaka 2023 ujumbe wa ndani wa Fox ukaanikwa, ikadhihirika kuwa baadhi ya watangazaji na wakubwa wa kituo hawakuyaamini madai hayo. Walichohofia ni kukimbiwa na watazamaji. Aprili mwaka huo Fox ilikubali kulipa dola milioni 787.5.

Ndugu msomaji, hapa mteja aliuziwa alichotaka kusikia. Kila upande ukiwa na "ukweli" wake, kura hukosa maana, maana anayeshindwa huona ameibiwa tu. Sisemi kwamba kura haziibiwi. Zipo zinazoibiwa. Lakini aliyezoea kupiga kelele za uwongo, siku akiibiwa kweli nani atamsikiliza?

Nilimjibu kijana yule kuwa Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuonya tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Na Suratul Maida, aya ya 8, inatutaka tufanye uadilifu hata kwa tunaowachukia. Basi habari ya adui tuihakiki mara moja, na ile inayotufurahisha tuihakiki mara mbili, kwa sababu hiyo ndiyo tunayoimeza bila kutafuna.

Hata kama imeandikwa katika gazeti hili.

Wabillahi tawfiq.