Maswali na Majibu: Bomoabomoa ya Hill District, Pittsburgh

1. Hill District ni mtaa gani?
Ni mtaa wa mlimani, jirani na katikati ya mji wa Pittsburgh, Marekani. Weusi wengi walihamia hapo kutoka majimbo ya Kusini, wakifuata ajira za viwandani. Barabara ya Wylie ilisifika kwa kumbi za jazi, na gazeti la mtaani hapo, Pittsburgh Courier, lilisomwa na Weusi nchi nzima. Mtunzi wa tamthilia August Wilson alizaliwa humo mwaka 1945.

2. Taja sababu mbili za kubomolewa kwa sehemu yake ya chini.
(a) Sheria ya Makazi ya 1949 iliwezesha miji kutwaa maeneo yaliyoitwa makazi duni, kwa msaada wa fedha za serikali kuu.
(b) Ardhi ilipakana na katikati ya mji, nao viongozi waliitaka kwa ukumbi mkubwa wa burudani na michezo.
Zingatia: nyumba nyingi zilikuwa chakavu kweli. Lakini nyumba chakavu hukarabatiwa. Hapa ulifutwa mtaa.

3. Eleza athari zake.
- Makazi: ubomoaji ulianza 1956 katika ekari 95. Watu wapatao 8,000 walihamishwa.
- Uchumi: biashara zaidi ya 400 ziliondolewa. Muuza duka alipoteza jengo pamoja na wateja, kwa kuwa majirani walitawanyika.
- Haki: fidia ya ardhi humfuata mwenye hati. Mpangaji, hata akiwa ameishi hapo miaka thelathini, hana ardhi ya kulipwa.

4. Wakazi walijiteteaje?
Waliweka bango kwenye makutano ya barabara za Centre na Crawford, kutangaza kwamba ubomoaji usivuke hapo. Kona hiyo, iitwayo Freedom Corner, ikawa mahali pa kuanzia maandamano ya haki za kiraia.

5. Tofautisha bomoabomoa na kusukumwa na kodi.
Katika bomoabomoa, serikali hutoa amri na tingatinga huja. Katika kusukumwa na kodi, matajiri huhamia, bei hupanda, na mwenyeji hufungasha virago bila amri yoyote. Matokeo hufanana: mtaa hubaki na jina, watu wake hawapo.

6. Je, mradi ulifaulu?
Hapana. Ukumbi uliojengwa hapo, Civic Arena, ulifunguliwa 1961 na kuvunjwa kati ya 2011 na 2012, kisha sehemu kubwa ya ardhi ikawa maegesho ya magari kwa miaka. Mtahiniwa, ukiulizwa juu ya mradi wowote wa mji, anza na swali hili: waliokuwapo watarudi?