Somo la Mafundi: Vanishi Isiyoficha Maua ya Mbao



Wengi wetu tunaujua mti wa grevilea, ambao Wakikuyu huuita mukima. Asili yake ni Australia, lakini leo umejaa mipakani mwa mashamba yetu na katikati ya kahawa. Tunaukata kuni, tunapasua mbao za kujengea, basi. Ni wachache wanaojua kwamba gogo lake likipasuliwa kuelekea moyoni, mbao hutoa maua ya kupendeza, madoa yanayong'aa kama hariri. Maua hayo ni mali. Lakini fundi asipojua kupaka, mali hiyo inapotea.

Kikundi chetu kilijifunza hivyo kwa hasara. Tulitengeneza meza ya grevilea, nzuri sana. Mwenyewe alikuwa na haraka ya arusi. Tukapaka vanishi nzito mara moja tu, mbao bado ina unyevu, na siku yenyewe ilikuwa ya mvua. Haikupita miezi miwili meza ikarudishwa: vanishi inabambuka, kuna mabaka meupe, na mbao moja imepinda. Tulirudisha pesa zote. Useremala wetu haukuwa na kosa. Tuliharibu siku mbili za mwisho.

Fuateni hatua hizi:

1. Hakikisha mbao imekauka. Chukua kipande kimoja, kipime kwa mizani ya duka kila wiki, uandike uzito. Ukiona uzito unaendelea kushuka, bado. Ukisimama wiki mbili au tatu mfululizo, sasa fanya kazi.

2. Piga randa kidogo kidogo. Mbao yenye maua nyuzi zake zinaelekea huku na huku, kwa hiyo randa butu huing'oa na kuacha mashimo. Noa vizuri, toa maranda membamba. Pakikataa, kwangua kwa kipande cha msumeno wa zamani kilichonolewa.

3. Piga msasa kufuata nyuzi, kamwe usikate kwa upande. Anza na namba 80, kisha 120, halafu 180. Usiruke namba, kwa sababu mikwaruzo ya msasa mkali itaonekana chini ya vanishi kama kovu.

4. Pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Nyuzi zitasimama. Ngoja zikauke kabisa, kisha pitisha msasa wa 180 kwa wepesi. Maji hayo pia yatakuonyesha mahali gundi ilipomwagika. Ikwangue yote, maana penye gundi vanishi haiingii.

5. Toa vumbi lote. Fagia chumba mapema, nyunyiza maji sakafuni, ngoja vumbi litulie.

6. Mkono wa kwanza uwe mwepesi. Tumia vanishi ya mafuta isiyo na rangi, sehemu 2 za vanishi kwa sehemu 1 ya tapentaini. Koroga polepole, ukitikisa mkebe utapata mapovu. Paka kufuata nyuzi. Acha usiku kucha au zaidi, kama mkebe unavyosema.

7. Piga msasa wa 240 kwa mkono mwepesi, pangusa, paka mkono wa pili na wa tatu bila kuongeza tapentaini. Mikono mitatu myembamba inashinda mmoja mnene.

8. Paka na upande wa chini wa meza pia. Usiseme eti hauonekani! Upande mmoja ukinywa unyevu na mwingine usinywe, mbao inapinda.

Usipake siku ya mvua wala kwenye jua kali. Na ile rangi nyeusi ya kufananisha kila mbao na mahogani, achaneni nayo hapa. Mteja analipia maua, msiyafunike. Kabla ya yote, jaribuni kwenye kipande kilichobaki.

Mafundi wengine hupaka kwanza mafuta ya linsidi ili maua yatokeze zaidi. Ni vizuri, lakini yapakwe membamba, yafutwe, na yaachwe siku kadhaa yakauke kabla ya vanishi.

HATARI! Kitambaa chenye mafuta ya linsidi kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kupata joto chenyewe na kuwaka moto, hata bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke, au kitie ndani ya ndoo ya maji. Vanishi na tapentaini zisikaribie jiko, kibatari wala sigara. Fungua madirisha. Vumbi la grevilea huwasha ngozi ya watu wengine, kwa hiyo funika pua na mdomo, na unawe baada ya kazi. Weka mikebe mbali na watoto. Usitie tapentaini kwenye chupa ya soda.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Je, mbao zetu tunazianika wapi, na nani anaandika uzito wake?

2. Mteja akitaka kazi kabla haijakauka, tutamjibu nini? Nani atasema naye?

3. Bei tunayotoza inahesabu siku za kungoja vanishi ikauke?

Jibuni swali la pili kabla hamjapokea oda nyingine. Sisi lilitushinda, tukalipa.

Kazi njema.