Dokta, jino na pua vinahusiana nini?

Mwalimu mmoja mstaafu wa Kailo alipanda pikipiki hadi Alunguli, akavuka Lualaba, akanifikia hapa Kindu na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na filamu moja ya radio ya taya. Binti yake aliye Kinshasa amemwahidi kumlipia jino la kupandikiza, mahali pa gego la juu kulia lililong'olewa miaka tisa iliyopita. Huko Kinshasa wamesema: kwanza apige skana, na lazima ionyeshe hadi sinusi. Bei ilimshtua. Maswali ni yake. Mimi nimeyapanga tu.

Jino liko mdomoni, Dokta. Kwa nini wanataka kunipiga picha puani?

Kwa sababu pale juu, Mwalimu, pua na mdomo ni majirani wa ukuta mmoja. Nyuma ya kila shavu, chini ya jicho, kuna chumba chenye hewa tupu kinachofunguka puani. Ndiyo sinusi ya taya. Kwa mtu mzima hujaa kwa mililita 12 hadi 15 hivi, kama kijiko kikubwa cha mezani. Sakafu ya chumba hicho ndiyo dari ya magego yako.

Leonardo da Vinci alikichora mwaka 1489. Mwingereza Nathaniel Highmore alikieleza katika kitabu chake cha mwaka 1651, na humo kuna kisa cha mama mmoja aliyeng'olewa jino, tundu likawa halikomi kutoa maji. Akachomeka sindano ya fedha, ikazama. Akachukua unyoya mrefu, nao ukazama, akatetemeka akidhani umefika kwenye ubongo. Unyoya ulikuwa unajikunja tu ndani ya sinusi. Hata leo tunayaona mambo ya namna hiyo: gego limetoka, mgonjwa anapewa maji asukutue, maji yanamtokea puani.

Gego langu si halipo tena? Hatari iko wapi?

Hapo ndipo penyewe. Jino likiondoka, mfupa uliolishika unakosa kazi, unanyauka kuanzia chini. Sinusi nayo, haina wa kuizuia, inashuka kutoka juu. Mfupa unaliwa pande mbili.

(Nikaipachika filamu kwenye kioo cha dirisha. Kulia kwake, ambako kwenye filamu ni kushoto, nikamwonyesha kwa ncha ya kalamu.) Unauona mstari huu mweupe, mwembamba? Ndiyo sakafu. Upande ambao gego bado lipo, umepita juu ya mizizi. Upande huu mwingine umelegea kama kamba ya kuanikia nguo, umeshuka karibu na ufizi. Kwa kukadiria, hapa pamebaki milimita 4. Kipandikizi cha kawaida kina urefu wa milimita 8 hadi 12. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye mwalimu.

Kama umeyaona yote hayo kwa filamu hii, skana ya nini tena?

Nimekadiria, sijapima. Filamu hii ni kivuli, na kivuli hurefuka; radio ya taya zima huweza kukuza vitu kwa robo nzima. Tena ni bapa, haisemi mfupa una unene gani kutoka shavuni kwenda kaakaani. Skana ya meno huuzunguka uso na kukata picha vipande vyembamba kama mkate. Skana ya kwanza ya kichwa cha mgonjwa ilipigwa London mwaka 1971. Hizi ndogo za meno zilitoka Verona, Italia, mwishoni mwa miaka ya 1990.

Daktari anatafuta mengi humo. Anatafuta kiambaza cha mfupa kinachoigawa sinusi vyumba viwili, kitu ambacho si nadra hata kidogo. Anatafuta mshipa wa damu unaopita ndani ya ukuta wa pembeni, maana akiukata bila kujua, damu itamharibia kazi. Anaangalia utando wa ndani kama umevimba.

Lakini mimi kwanza natazama mlango. Sinusi imejengwa kwa namna ya ajabu: tundu lake la kutolea uchafu liko juu, karibu na dari! Kamasi hupandishwa na vinyweleo visivyoonekana kwa macho, usiku na mchana. Mlango ukiziba, chochote utakachopandikiza chini yake kitakaa kwenye dimbwi. Kwa hiyo picha iliyokatwa pale sakafuni, ikaacha mlango nje, ni nusu ya kazi.

Na mionzi?

Ipo. Skana ndogo ya meno mara nyingi haizidi mikrosiveti 200, na ardhi na anga hutupa kila mmoja wetu kama 2400 kwa mwaka. Mara moja, kwa sababu ya maana, sina neno.

Wakithibitisha ni milimita 4, nirudi nyumbani?

Si lazima. Wanaweza kuinua sakafu. Mmarekani Hilt Tatum alianza kazi hiyo miaka ya 1970, na Boyne na James wakaichapisha mwaka 1980. Hufunguliwa dirisha dogo kwenye mfupa wa pembeni, kama ukucha wa kidole gumba. Utando unabanduliwa taratibu, mithili ya ngozi ile ya ndani ya ganda la yai, na chini yake hujazwa punje za mfupa. Kisha unasubiri miezi, mara nyingi sita. Ajali ya kila siku hapo ni utando kuchanika, na penye kiambaza huchanika upesi zaidi.

Nikikosa pesa ya skana, si wajaribu tu?

Hapana, Mwalimu. Nimeona kipandikizi kilichotumbukia ndani ya sinusi. Kukitoa ni operesheni nyingine. Heri jino la kuvaa na kuvua. Na nikuambie jambo ambalo wauzaji hawalisemi: gego moja likikosekana, watu wengi hutafuna vizuri tu. Binti yako anataka kukufurahisha, lakini pengo lako si ugonjwa.

Nitamwambia nini basi?

Aulize kama skana yao inafika hadi mlango wa sinusi. Upewe nakala uje nayo. Ni mali yako. Na filamu hii ya zamani usiitupe.

Nikiwa na mafua siku hiyo?

Usiende. Mafua huuvimbisha utando, picha itaonyesha ugonjwa ambao si wako. Subiri mwezi mmoja.