Shavu la Mtoto Likifura, Huenda Si Jino

Mzazi, mtoto wako wa miaka mitano au sita akifura shavu, jambo la kwanza litakalokujia akilini ni jino bovu, na mara nyingi utakuwa umekisia sawa. Lakini uvimbe ukizidi kukua siku baada ya siku bila maumivu makali, na meno yakaanza kulegea, hata magego ambayo wakati wake wa kung'oka haujafika, basi usikubali yang'olewe kabla ya daktari kumchunguza mtoto. Huenda hiyo ni saratani ya Burkitt.

Wengi wetu tunadhani saratani ni maradhi ya wazee. Hii huwapata watoto, wavulana zaidi ya wasichana, na hasa katika sehemu zenye malaria nyingi kama vile kandokando ya Ziwa Victoria. Ilipewa jina la Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuieleza mwaka wa 1958. Mwaka wa 1964 wanasayansi jijini London waligundua virusi ndani ya uvimbe uliotoka Uganda, ambavyo leo huitwa virusi vya Epstein-Barr. Karibu watoto wote wa Afrika huvipata wakiwa wadogo wala visiwadhuru. Malaria ya mara kwa mara inapovuruga kinga ya mwili, baadhi yao hupatwa na saratani hii. Basi si laana, si jicho la jirani, na mtoto hawezi kuwaambukiza wenzake saratani hiyo.

Si taya pekee linaloshikwa. Tumbo laweza kufura, jicho likatokeza nje, au miguu ikakosa nguvu ghafla kwa sababu uti wa mgongo umebanwa. Mtoto wa namna hiyo apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Hakuna saratani ya binadamu inayokua haraka kuliko hii, kwani chembechembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ndiyo maana majuma mawili ya kujaribu antibiotiki, kisha mitishamba, ni muda mrefu mno. Ushauri wangu ni huu: uvimbe usipopungua kwa siku chache baada ya dawa, rudi, na uombe barua ya kupelekwa hospitali kubwa.

Huko daktari atakata kipande kidogo cha uvimbe kipimwe maabarani. Atachukua pia uboho wa mfupa na maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi huiogopa sindano hii ya mgongoni wakidhani italemaza mtoto. Hailemazi, na bila kuyapima maji hayo daktari hawezi kujua kama ugonjwa umefika kwenye ubongo.

Tiba yenyewe ni dawa, si kisu. Kuu miongoni mwazo ni saiklofosfamaidi, na uvimbe waweza kuyeyuka kwa siku chache tu. Chembechembe nyingi zikifa kwa pamoja huzilemea figo, kwa hiyo mtoto huwekewa maji mengi mshipani. Nywele hunyonyoka, lakini huota tena. Homa ndiyo ya kuogopwa, kwa kuwa dawa hupunguza kinga: mrudishe hospitalini hata kama ni usiku wa manane.

Hapa ndipo watoto wengi hupotea. Shavu linaporudi kuwa la kawaida baada ya dozi ya kwanza, nauli imekwisha, kuna watoto wengine nyumbani, na mzazi huona kazi imekwisha. Haijaisha. Chembechembe zilizobaki hazionekani kwa macho, na zikirudi huwa sugu zaidi. Kabla ya kuondoka wodini mweleze afisa wa ustawi wa jamii shida yako ya pesa, na uulize bima ya SHA italipia nini.

Baada ya dozi zote mtoto huendelea kupimwa kliniki. Ugonjwa ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya mwaka wa kwanza.