Kabla Hujashika Bisibisi, Itazame Taa

Wadogo zangu, leo naijibu barua moja tu, na nitaijibu kwa kirefu, maana najua wengi wenu mna shida hiyo hiyo na hamjapata wa kumuuliza. Binti wa Kizingo, nyumba inayoelekea bahari ya Mama Ngina, ana Mega Drive ya Sega ambayo ami yake aliletewa kutoka Dubai miaka mingi iliyopita. Gemu inaanza vizuri, halafu mashine inazimika yenyewe. Kuna siku haimalizi dakika tano, na kuna siku inakesha bila shida. Akiitikisa kidogo, inarudi. Kaka yake anamwambia aitupe. Aliipeleka kwa fundi, ikawaka pale mezani kama mpya, akaambiwa haina kitu. Sasa anauliza aanzie wapi.

Mdogo wangu, usiitupe. Mashine hiyo ilitoka Japani mwaka 1988 na kuingia Ulaya mwaka 1990, na kwa mtu anayetaka kujifunza kutengeneza ni neema: vifaa vyake vya umeme ni vikubwa, vinaonekana kwa macho, na vingi bado vinauzwa kwa bei ndogo. Fundi wako naye simlaumu. Kitu kilichokufa kabisa hupimwa kikapatikana, lakini kitu kinachozimika na kurudi hakipimiki kikiwa kizima. Lazima ukikamate kikiwa kinazimika. Kwa hiyo chukua daftari kabla ya kushika bisibisi. Andika saa iliyozimika, ilikuwa imewaka kwa muda gani, nani aligusa nini, na kitu gani kingine ndani ya nyumba kilikuwa kinatumia stima.

La kwanza la kuandika ni ile taa nyekundu ya mashine. Picha ikipotea, taa nayo imezimika, au bado inawaka? Ikiwa taa inawaka ilhali picha imeganda au imetoweka, stima imefika ndani, na mara nyingi utakuta shida iko kwenye kaseti au waya wa kwenda kwenye TV. Chomoa kaseti, safisha meno yake ya shaba kwa pamba ya masikio iliyochovywa spiriti safi, iache ikauke, kisha jaribu tena. Na tafadhali acheni kupuliza kaseti kwa mdomo. Najua sote tumelelewa hivyo, lakini pumzi ina unyevu, na unyevu ndio unaokula hayo meno.

Taa ikizimika pamoja na picha, basi njia ya stima imekatika mahali fulani kati ya ukuta na bodi. Ifuate njia hiyo kuanzia ukutani, wala usianzie ndani. Na ubadilishe kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha soketi, adapta na kaseti kwa pamoja na mashine ikapona, hujui umetibu nini, na wiki ijayo utarudi palepale.

Ukutani, toa ekstensheni zote na uchomeke adapta moja kwa moja. Kama mnatumia friji gadi, nayo iweke kando kwa jaribio hili, kwa sababu kazi yake ni kukata stima ikishuka, na inaweza kuwa ndiyo inayokuzimia. Kisha rudi kwenye daftari. Ikiwa mashine inazimika zaidi magharibi na usiku, au kila pampu ya maji inapoanza kuvuta, usishangae. Stima yetu hutakiwa kuwa volti 240, lakini hushuka wakati watu wote wamewasha vyombo vyao, kama maji yanavyokatika ghorofa ya juu mifereji ya chini ikifunguliwa. Adapta za siku hizi, zile nyepesi zilizoandikwa 100–240V, hazijali sana. Adapta ya zamani ya Sega, ile nzito kama tofali, ina transfoma tu ndani yake: ikipewa kidogo, inatoa kidogo.

Na kidogo hakitoshi, kwa sababu hii. Ndani ya Mega Drive ya kwanza kuna regyuleta mbili za namba 7805, vipande vyeusi vya miguu mitatu vilivyofungwa kwa skrubu kwenye bati la alumini. Kazi ya kila moja ni kupokea zile volti 9 za adapta na kutoa volti 5 zilizotulia. Ili ifanye kazi hiyo, lazima ipewe takriban volti 7 au zaidi. Adapta iliyozeeka, na stima iliyoshuka saa mbili usiku, zikikutana hufika chini ya hapo kwa sekunde moja tu, na sekunde moja inatosha kukurudisha mwanzo wa gemu.

Jaribio la adapta ni kuazima nyingine. Hapa nataka mnisikilize sana, kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi nzima zinapouawa. Mega Drive ya kwanza inataka volti 9, angalau ampea 1.2, na tundu la katikati ya plagi yake liwe hasi. Adapta nyingi za ruta na za kamera unazookota nyumbani ni chanya katikati. Plagi itaingia vizuri kabisa, na usidanganyike. Tazama mchoro mdogo kwenye adapta, duara lenye alama ya kujumlisha upande mmoja na ya kutoa upande wa pili, uone katikati kunaelekea alama ipi. Mega Drive ya pili, ile ndogo, ni kinyume chake, chanya katikati, na plagi yake ni nyembamba zaidi. Mwenye mashine iliyotoka Japani moja kwa moja naye aangalie: adapta yake imeandikwa 100V, na kwenye soketi zetu itaungua papo hapo.

Ukipima adapta ya zamani kwa mita ikiwa haijachomekwa kwenye mashine, utaona volti 12, hata 14, ingawa imeandikwa 9. Hiyo ni kawaida yake. Kipimo cha maana ni kile cha wakati inafanya kazi.

Sasa umeniambia kwamba ukiitikisa inarudi. Hilo ndilo neno lililonifurahisha katika barua yako yote. Iwashe, iache juu ya meza, ushike waya wa adapta karibu na plagi na kuupinda polepole huku na huku. Halafu acha waya, sukuma plagi yenyewe ndani ya tundu, juu na chini. Halafu acha plagi, gusa swichi tu bila kuizima. Mashine ikizimika kwa kimoja na isizimike kwa vingine, umeshapata mtaa wake. Ikiwa ni plagi, fungua mashine uitazame bodi kwa chini, mahali miguu ya tundu ilipolehemiwa. Weka tochi ya simu kwa upande, isimulike kutoka juu. Utaona kwenye risasi mduara mwembamba kama uzi unaouzunguka mguu. Huo ni ufa. Miaka thelathini ya watoto kuchomoa na kuchomeka imeipasua risasi. Dawa yake ni kuyeyusha risasi ile na kuongeza mpya kidogo, kazi ya dakika chache kwa mwenye chuma cha kulehemu.

Ikiwa ni swichi, basi ni bahari ya Mama Ngina. Tazama nondo za madirisha yenu zinavyoliwa na kutu kusi ikivuma. Chumvi ile ile huingia kwenye swichi, ikavuta unyevu, na shaba ikafanya ukoko. Chomoa stima, puliza dawa ya kusafishia swichi inayouzwa kwa mafundi wa redio, kisha isukume mbele na nyuma mara nyingi, uiache ikauke.

Kama kutikisa hakufanyi kitu, na daftari linaonyesha inazimika ikishapata moto, twende kwenye zile regyuleta. 7805 ikipata joto kupita kiasi hujizima ili isiungue, ikipoa hurudi. Ielekeze feni kwenye mashine iliyo wazi: ikidumu zaidi, ni joto. Au chukua draya ya nywele, iwe kwenye moto mdogo, uipulizie kwa mbali upande huo: ikizimika haraka, ni joto. Mara nyingi ile grisi nyeupe kati ya regyuleta na bati imekauka ikawa unga. Ifute, weka mpya, kaza skrubu. Mwenye mita aweke waya mweusi kwenye mguu wa kati na mwekundu kwenye mguu wa kutoa, asubiri. Inatakiwa ikae kati ya volti 4.8 na 5.2. Ikianguka huku mguu wa kuingilia bado una 9, regyuleta ndiyo mgonjwa. Vyote viwili vikianguka pamoja, rudi nyuma kwenye swichi, tundu na adapta. Na angalia usiunganishe miguu miwili kwa ncha ya mita.

Haya yote nimekuruhusu kwa sababu ndani ya Mega Drive haingii stima ya ukutani. PlayStation ya kwanza, na PlayStation 2 ile nene, zina sehemu ya stima ndani kwa ndani, na kapasita yake kubwa hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Wenye hizo, malizieni kwenye soketi, waya na swichi. Kufungua mwachieni fundi. TV ya kichogo nayo msiifungue kabisa.

Ukienda kwa fundi mara ya pili, usimwambie tu inazimika. Mpe daftari, mwambie umeshajaribu nini, na umwombe aiwashe kwa muda ule ule unaoiwasha wewe nyumbani, kwa adapta yako, huku wewe umekaa hapo. Mfuko wa plastiki wenye vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja na viatu utakufaa kuiwekea mashine ikipona, ili unyevu usiirudie. Ila usiifunge ikiwa bado ya moto, na vipakiti vibadilishe kila masika yakiingia.