Wimbo Uliozaliwa Siku za Dhiki

Kila Krismasi twauimba ule wimbo wa usiku mtakatifu, nasi twadhani mtungaji wake alikaa raha mustarehe. Sivyo.

Mwaka 1816 kasisi kijana, jina lake Joseph Mohr, alihudumu Mariapfarr, katika milima ya Salzburg. Vita vya Napoleon vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia, lakini nchi ilikuwa imechoka, maana katika miaka michache ilipita mikononi mwa watawala kadha wa kadha. Tena mwaka ule jua halikutia joto. Mavuno yakaharibika, njaa ikaingia. Ndipo Mohr alipoandika shairi la beti sita juu ya amani ya mbinguni.

Baadaye alihamia Oberndorf, kwa watu wachukuao chumvi kwa mashua katika mto Salzach. Baada ya vita mto ule ulifanywa mpaka, ukawatenga na ndugu zao wa Laufen ng'ambo. Tarehe 24 Desemba 1818 alimpa mwalimu Franz Gruber shairi lake, naye akalitilia sauti siku ile ile. Usiku wakaliimba wawili, kwa gitaa.

Krismasi ya 1914 askari Wajerumani waliuimba mahandakini. Waingereza wakasikia, na mahali pengi bunduki zikanyamaza kwa kitambo. Kisha vita vikaendelea hata 1918.

Basi, mwenye msiba nyumbani mwake asidhani kwamba wimbo huu si wake. Wenye msiba ndio walioupokea kwanza.