Nyumba na Bustani Wakati wa Kiangazi

Watu wa Ulaya hutengeneza nyumba na bustani zao majira ya joto yanapokaribia, kwa maana kwao miezi ya baridi haimruhusu mtu kupaka rangi nje wala kupanda maua. Mayoni, katika Kakamega, iko karibu sana na ikweta, na joto lake halibadiliki sana mwaka mzima. Kinachogawanya mwaka hapo ni mvua. Mvua kubwa huanza mwezi wa Machi, na zile za mwisho wa mwaka zikiisha kupungua hufuata kiangazi, tangu Desemba mpaka Februari. Hiyo ndiyo miezi ya kutengeneza nyumba. Udongo uliopakwa ukutani hukauka vizuri, mahindi yamekwisha vunwa, na wakati wa kupanda haujafika. Tena watoto huwa nyumbani majuma kadhaa, na mikono yao husaidia.

Lakini kiangazi hicho hicho huleta vumbi, na vumbi la ndani ya nyumba si uchafu tu. Humo ndimo funza wanamokulia.

Mdudu huyu si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na mwaka 1872 aliletwa Angola na meli iliyotoka Brazili. Kutoka pwani ile alifuatana na misafara akavuka bara, na kabla ya karne ya 19 kwisha alikuwa amekwisha fika Afrika ya Mashariki. Funza jike huingia katika ngozi ya mguu, hasa kando ya kucha, chini ya wayo na kisiginoni, akavimba kwa mayai hata akawa kadiri ya punje ya mbaazi. Mayai huanguka chini. Mtoto wake hukulia katika vumbi kavu na mchanga, mahali pasipofagiwa wala kulowanishwa, na baada ya majuma matatu au manne hivi vumbi lile hutoa funza wapya.

Mtoto aliyeshikwa na funza huenda kwa visigino, na shuleni wenzake humcheka mpaka akaona afadhali kubaki nyumbani. Majirani humlaumu mama yake kuwa ni mvivu, au husema jamaa ile imelogwa. Maneno hayo hayamsaidii mtu. Mtoto akitolewa funza leo, na usiku akalala juu ya vumbi lile lile, baada ya siku chache atakuwa nao tena. Kutibu mguu na kuiacha sakafu ni kuteka maji kwa kikapu.

Kwa hiyo mwenye nyumba atakaye kuipendeza nyumba yake asianze na mapazia, aanze chini. Kwanza vyombo vyote vitolewe nje, na mikeka na magodoro yaanikwe juani. Vumbi lote lililolegea likwanguliwe, litolewe, lisitupwe mlangoni. Kisha sakafu inyunyizwe maji, iongezwe udongo wa kichuguu uliopondwa na kuchekechwa, maana huo hushikana vizuri kuliko udongo wa shambani, na ishindiliwe kwa kipande cha gogo hata iwe ngumu. Iachwe ikauke. Nyufa zitakazotokea zizibwe. Mwisho hupakwa samadi mbichi ya ng'ombe iliyochanganywa na udongo laini na majivu kidogo, kwa mkono, kuanzia pembe ya mbali na kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Kazi hii akina mama wa Mayoni waliijua tangu zamani, wala hawahitaji kufundishwa mkono unavyopita. Linalosahauliwa ni kuirudia. Sakafu iliyopakwa mara moja kwa sikukuu hupasuka kabla ya Januari kwisha, na katika kiangazi yafaa kupakwa kila juma. Mtu mwenye jeraha mkononi asishike samadi, kwa kuwa huweza kuwa na vijidudu vya pepopunda.

Mbwa, mbuzi na nguruwe nao hushikwa na funza, basi wasilale chumba kimoja na watu. Mtoto aliyekwisha shikwa sana apelekwe zahanati. Pini moja ipitayo mguu hata mguu huchukua ugonjwa kutoka kwa huyu na kumpa yule.

Mwenye fedha kidogo atafanya vema zaidi kununua saruji na kufunika sakafu ya chumba wanacholala watoto, hata kama ni chumba hicho kimoja tu. Wako watu waliopata fedha za miwa wakanunua viti vya sebuleni na lango la chuma, na watoto wakaendelea kulala juu ya vumbi. Viti hivyo vingeweza kungoja.

Kuta hazina taabu nyingi. Palipobomoka pakandikwe, kisha papakwe udongo mweupe au mwekundu, au chokaa kwa mwenye uwezo. Chumba kilichopakwa cheupe hupata mwanga zaidi. Nafasi iliyo kati ya ukuta na paa yataka kufikiriwa. Mbu waenezao malaria huingia hasa hapo usiku, basi ni vizuri kuiziba katika vyumba vya kulala, na dirisha liwekwe wavu ili hewa ipite. Lakini jikoni nafasi hiyo ndiyo itoayo moshi. Mtu asiizibe huko kabla ya kujenga dohani, asije akamfungia mkewe ndani ya moshi kwa kutaka kumkinga na mbu.

Huko nje, jambo kubwa Mayoni ni miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973, na mashamba mengi ya jirani yakageuzwa kuwa ya miwa, mengine hata karibu na mlango wa nyumba. Muwa hukaa shambani mwaka mmoja na nusu au zaidi kabla ya kukatwa, na hauliwi pamoja na ugali. Kiwanda kilipolemewa na madeni, na mwaka 2019 kikawekwa chini ya meneja mrasimu, wengi waliona hatari ya kutegemea zao moja. Kipande cha hatua kumi kwa tano kando ya jiko chatosha kuwapa jamaa mboga: mnavu, saga, mrenda, kunde na sukuma wiki.

Katika kiangazi tuta lisiinuliwe. Lichimbwe liwe chini kidogo kuliko ardhi iliyo kando, ili maji yakimwagwa yakae penye mizizi. Juu yake litandikwe majani makavu ya miwa, ambayo baada ya kuvuna wengine huyachoma moto bure. Chini ya majani hayo udongo hukaa na unyevu siku nyingi. Maji yaliyooshewa mboga na vyombo yamwagwe hapo jioni, jua likiisha kupoa, kwa kuwa ni kazi ngumu kubeba ndoo kutoka kisimani kwa ajili ya bustani peke yake.

Takataka zilizofagiliwa uani, majani, majivu na samadi zitiwe katika shimo kivulini, zinyunyizwe maji na kufunikwa, na kila mwezi zigeuzwe. Shimo lililoanzwa Desemba huwa na mbolea nyeusi isiyonuka ifikapo Machi, tayari kuchukuliwa shambani mvua ya kwanza inyeshapo. Mabaki yake kidogo huwekwa chini ya maua ya mlangoni.